Kikombe cha Uji Kabla ya Upasuaji

Asubuhi hiyo Seremala alikuwa anapiga randa mlango wa mteja. Mkewe, ambaye mtaa mzima humwita Mama Pacha, alikuwa jikoni anakoroga uji. Mara sauti ya randa ikakatika.

Alipotoka alimkuta mumewe amejikunja juu ya mbao, jasho linamtiririka. Seremala alikuwa na ngiri kwenye kinena, upande wa kulia. Siku zote ilitokeza anapobeba kitu kizito, naye huirudisha ndani kwa mkono. Leo ilikuwa ngumu, inauma, na haikurudi. Alikuwa ametapika.

"Kunywa kidogo upate nguvu," Mama Pacha alimwambia. Akamnywesha kikombe kizima. Kisha akamwita shemeji yake, mdogo wa Seremala, wakatafuta gari.

Hospitalini, muuguzi wa mapokezi aliitazama ile ngiri mara moja tu, akaita machela.

"Leo amekula au kunywa nini?" aliuliza.

Kabla Mama Pacha hajajibu, shemeji alimvuta mkono. "Usiseme," alinong'ona. "Ukisema amekula, utaambiwa urudi kesho. Nafasi yake watampa mtu wao."

Mama Pacha alimgeukia muuguzi. "Hajala kitu," alisema.

Seremala alimtazama mkewe, kisha akafumba macho.

Akaja daktari wa upasuaji, kijana mwenye miwani. Akauliza tena: jina lako nani, unaumwa upande gani, umekula nini? Mama Pacha akajibu vilevile. Daktari akachukua kalamu, akachora mshale kwenye paja la kulia la Seremala.

"Wanamtia alama kama mbuzi wa mnada," shemeji alisema chinichini. "Ngiri anaiona kwa macho yake, bado anauliza upande. Huyu anajua kazi kweli?"

Muuguzi mwingine akaja, akamfunga Seremala utepe wenye jina mkononi. Naye akauliza maswali yaleyale.

"Nimeshasema," Mama Pacha alijibu kwa ukali. "Mmesahau?"

Muuguzi na daktari walisogea pembeni, wakazungumza kwa sauti ya chini. Daktari akageuka akamtazama Mama Pacha.

"Wanatutega," shemeji alisema. "Wanataka tujichanganye. Kaza uzi, shemeji."

Kisha akaja mwanamke wa makamo mwenye kofia ya kijani. Alivuta kiti, akaketi karibu na Mama Pacha.

"Dada, mimi ni daktari wa usingizi. Ndimi nitakayempa mumeo dawa ya nusu kaputi. Naomba niulize tena kuhusu chakula."

"Kila mtu anauliza hilo. Kwa nini?"

"Kwa sababu kila mmoja wetu ana kazi yake, na hakuna anayeruhusiwa kubahatisha. Mmoja akisikia vibaya, mwingine atalikamata kosa."

"Na huo mshale?"

"Akishalala hawezi kutuonyesha upande. Ndiyo maana tumemchora akiwa macho, na amekubali mwenyewe."

Mama Pacha hakuridhika. "Mlikuwa mnanong'ona nini pale?"

"Kwamba utumbo umenasa kwenye ngiri na damu haipiti vizuri. Kwamba lazima apasuliwe leo, awe amekula au hajala."

"Leo?" Mama Pacha aliuliza. "Hata kama amekula?"

"Hata kama amekula. Ila mtu akilala kwa dawa, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia kwenye mapafu. Kinaweza kumuua. Nikijua mapema, nitapitisha mpira puani hadi tumboni, tutoe kilichomo. Halafu nitamlaza kwa njia nyingine, ya tahadhari zaidi. Nisipojua, nitakuwa natembea gizani."

Mama Pacha alimtazama shemeji yake. Shemeji akaanza kukagua viatu vyake.

"Uji," Mama Pacha alisema. "Kikombe kizima. Asubuhi hii."

Daktari hakumgombeza. Alimshika bega, akasimama. "Leteni mpira wa tumbo," aliwaambia wenzake. Machela ikaondoka.

Walingoja kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguka, Mama Pacha alisimama akiwaza kwamba amekawia kusema kweli.

Hatimaye yule kijana mwenye miwani alitoka, barakoa ikining'inia kidevuni.

"Yuko salama," alisema. "Utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi, lakini tulipounasua, damu ilirudi. Mngekaa nyumbani, tungelazimika kukata kipande. Ngiri ikiwa ngumu, ikauma na isirudi ndani, njooni mbio. Na msimpe mgonjwa chochote mdomoni."

Daktari wa usingizi alikuja nyuma yake. "Uji ulitoka mwingi," alisema. "Asante kwa kuniambia."

Mama Pacha aliketi tena.

Kesho yake Seremala aliweza kuzungumza. Mkewe alimweleza yote, bila kumtupia shemeji lawama.

"Nilisikia ukisema sijala," Seremala alisema polepole. "Nilitaka kukusahihisha. Nikaona nitakuaibisha mbele ya watu."

Mama Pacha alimfuta jasho usoni.

"Siku nyingine, mume wangu," alisema, "niaibishe tu."