Maneno Yaliyopigwa Pasi

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, wakati cheti cha Ruphin kikiwa nusu ndani na nusu nje ya mashine ya fotokopi. Sekretariati ile ya katikati ya mji wa Lubumbashi, pale watu wanapokwenda kuchapiwa barua, ilikuwa imejaa wanafunzi na ripoti zao, mama mmoja aliyetaka tangazo la msiba, na mzee wa pensheni na faili lake. Wote waliguna, wakatawanyika. Ruphin alibaki, kwa sababu hakuna fundi mwenye akili timamu anayeacha cheti chake kwenye meno ya mashine ya watu.

Gaëlle, mwendesha mashine, alimwangalia kwa pembeni. Ovaroli ya buluu, safi, ila mikono ya nguo ilikuwa na vitundu vidogo vya cheche za moto. Mabega ya mtu anayebeba milango ya chuma, na macho ya mtu mwenye haya. Gaëlle mwenyewe alikuwa amevaa libaya, blauzi ya kitenge cha njano, koti la sufi juu yake, maana baridi ya Julai haina adabu, na nywele zake zilisukwa mistari myembamba hadi shingoni.

"Courant itarudia saa ngapi?" Ruphin aliuliza.

"Unaniuliza kama vile mi njo niliikata."

"Basi nitaikala. Kama unanifukuza, nitaikala inje."

"Ikala. Lakini usiniangalie vile."

"Niko naangalia diplôme yangu."

"Diplôme yako iko mu mashini. Haiko ku uso yangu."

Ruphin alicheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko maneno yake. Umeme uliporudi saa nane, Gaëlle alikwishajua kwamba Ruphin anachomelea milango na madirisha huko mtaa wa Katuba, kwamba hapendi siasa, na kwamba sentensi zake ni fupi kama za mtu anayelipia kila neno. Ruphin aliondoka na cheti chake na namba ya simu ya Gaëlle.

Halafu ujumbe ukaanza kuja, na hapo ndipo Gaëlle alipopata mashaka. Yule mtu wa sentensi fupi, akishika simu kuandika, alimwaga maneno kama bomba lililopasuka. "Mpenzi wangu wa dhati, tabasamu lako ni mawimbi ya bahari yanayobembeleza pwani ya moyo wangu." Gaëlle alipiga simu pale pale.

"Ruphin, bahari uliionea wapi?"

"Ku télé."

"Na pwani ya moyo yako iko ku fasi gani? Ku Katuba?"

"Chérie, unanicheka."

"Nakucheka, ndiyo. Umekula?"

Gaëlle alicheka, lakini dalili ya mvua ni mawingu. Kazi yake ilikuwa maneno ya watu. Tajiri wake alikuwa na matawi mawili, hili la mjini na lingine la Katuba lililoshikwa na kijana mwenzake Djo, na yote mawili yalitumia akaunti moja ya akili bandia, ile ambayo mji mzima unaiita IA. Mteja analeta maneno yake yaliyopinda, unayaingiza, IA inayanyoosha, mteja anatia sahihi. Kila tawi lilikuwa na folda yake, na kulikuwa na sheria moja tu: usifungue folda ya mwenzako, siri ya mteja ni siri. Baada ya mwaka mzima wa kazi hiyo Gaëlle aliijua harufu ya IA hata akiwa amefumba macho. Sifa tatu zikifuatana, matumaini mwishoni, na hakuna hata jina moja la mtu wala la mtaa.

Kwa hiyo ama Ruphin alikuwa anatumia mashine, ama, na hili lilimnyima raha zaidi, palikuwa na mtu aliyekuwa anamwandikia. Na mtu huyo, Gaëlle aliamua, lazima awe mwanamke.

Nyani haoni kundule. Gaëlle huyu huyu, akiwa amechoshwa na barua za watu tangu asubuhi, alikuwa akichukua ujumbe wa Ruphin, anauweka kwenye IA ya simu yake na kuiambia: mjibu vizuri, kwa upendo. Kisha anautuma, mara nyingine bila kuusoma hadi mwisho. Kwa macho yake hilo halikuwa kosa. Alimpenda kweli, akamwonea wivu kweli, na alifurahi mno kumpikia sombe, mboga ya majani ya muhogo, siku za Jumapili. Maneno tu ndiyo yaliyomchosha.

Mwezi wa tisa ulikuja ujumbe mmoja mrefu. "Mimi ni mtu mwenye historia na majukumu yangu," ulisema katikati, "na nimeamua kukufungulia maisha yangu yote." Duka lilikuwa limejaa. Gaëlle aliunakili, IA ikajibu, akatuma: "Nakupokea na yote uliyo nayo, bila woga wala masharti." Jioni ile Ruphin alimpigia simu. Alimwambia tu asante, mara tatu, kisha akasema wazee wake watapeleka barua ya kujitambulisha nyumbani kwa kina Gaëlle Jumapili ya pili ya Oktoba. Gaëlle alilala akitabasamu.

Wiki moja kabla ya hiyo Jumapili, siku ya Jumamosi, alikwenda Katuba kwa msusi. Aliposhuka karibu na soko alimwona Ruphin amechuchumaa katikati ya watu, anafunga kamba za viatu vya mtoto wa kike mwenye gauni jekundu. Mtoto alikuwa ameshika masikio mawili ya Ruphin ili asianguke. Akamwita papa.

Ruphin alipomwona Gaëlle hakushtuka hata kidogo. Alitabasamu, akamnyanyua mtoto. Tabasamu hilo ndilo lililomuudhi kupita yote.

"Kuya umuone," alisema. "Huyu njo Abigaël."

"Abigaël ni nani?"

"Mutoto yangu." Tabasamu likaanza kupotea. "Nilikuambia."

"Uliniambia siku gani?"

"Mu message. Na ukanijibu."

Gaëlle alitoa simu, akausoma ule ujumbe mrefu kwa sauti mbele ya wauza nyanya. Historia ilikuwamo. Majukumu yalikuwamo. Mtoto hakuwamo. Ruphin alisikiliza, uso ukamkauka. Angeweza kueleza kwa maneno kumi. Lakini kueleza kungekuwa kukiri mbele ya soko zima kwamba hajui kumwandikia mwanamke anayempenda, na aibu ni kitu kibaya sana kwa mwanaume mwenye mabega makubwa. Akanyamaza, na Gaëlle akauchukulia ukimya ule kuwa hukumu. Akamwambia wazee wake wasijisumbue, akarudi mjini bila kusukwa.

Nyumbani mama yake, Albertine, alisikiliza habari yote huku akichambua mboga. "Mwanaume anayeficha mutoto," alisema, "anaficha na mama ya mutoto." Gaëlle mwenyewe alikwishawaza hivyo tangu sokoni. Usiku na mchana alimchora yule mwanamke kichwani: mwembamba, msomi, anayemwandikia Ruphin mawimbi ya bahari kisha anacheka.

Ruphin alipiga simu mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili Gaëlle akapokea.

"Nauliza kintu moja tu. Nani njo anakuandikiaka?"

"Gaëlle..."

"Nani?"

"Ku simu siwezi. Tuonane."

"Basi iko muntu," Gaëlle alisema, akakata. Kisha akalia sana, jikoni, akiwa amesimama.

Jumanne, kazini, mzee wa pensheni alikuwa amekaa mbele yake akingoja barua, na folda ya tawi la Katuba ilikuwa pale pale upande wa kushoto wa kioo cha kompyuta, kama ilivyokuwa kila siku. Gaëlle aliwaza: Ruphin anaishi Katuba, na asiyejua kuandika huko anakwenda kwa nani? Kwa mwaka mzima hakuwahi kuivunja ile sheria. Aliivunja sasa. Mazungumzo kumi na manne yalikuwa na jina la Ruphin.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alifungua la mwezi wa tisa. Juu kabisa palikuwa na maneno ya Ruphin kama alivyomsomea Djo, hayajaguswa:

"Gaëlle, niko na kintu ya kukuambia na niko naogopa. Niko na mutoto. Jina yake Abigaël, iko na myaka ine. Mama yake alikufa siku ya kumuzala. Mi njo namusukaka nywele, nasukaka mubaya, bantu banacheka. Kama hautaki, sema tu, sitakasirika. Lakini nitalia."

Chini yake Djo alikuwa ameiagiza mashine: fupisha, weka romantique, toa mambo ya huzuni. Na mashine, kwa utii wake wote, ilimtoa mama aliyekufa, ikamtoa mtoto, ikayatoa machozi, na mahali pao ikaweka historia na majukumu.

Akafungua mengine. "Leo sikukuona, nikapima mulango mubaya, patron ya nyumba alinitukana." Hilo ndilo lililogeuzwa kuwa mawimbi ya bahari. Gaëlle alisoma yote kumi na manne, anacheka na kulia pamoja, hadi mzee wa pensheni akauliza kwa upole kama kuna msiba.

Alimpigia Djo. Djo alijitetea kwamba wateja wote wanataka maneno mazuri, kwamba Ruphin alituma bila kuyasoma tena, na kwamba yeye alipiga pasi tu.

"Ulichoma nguo," Gaëlle alimwambia.

Hasira yake ingeishia kwa Djo kama asingefungua simu yake na kulisoma jibu lake mwenyewe. Nakupokea na yote uliyo nayo, bila woga wala masharti. Hakuna hata herufi moja iliyotoka kwake. Mtu alikuwa amemuuliza swali kubwa kuliko yote ya maisha yake, na yeye alikuwa amemwachia mashine ijibu kwa sababu duka lilikuwa limejaa. Alimwomba mzee wa pensheni msamaha, akafunga mlango, akaenda Katuba.

Ruphin alikuwa anachomelea geti nje ya karakana yake. Alipomwona alivua kofia ya kuchomelea, uso umejaa jasho, asijue mikono aiweke wapi. Gaëlle alimweleza alichokisoma, bila kuficha kwamba alivunja siri ya kazi.

"Uko muntu ya maneno," Ruphin alisema polepole. "Kila siku bantu banakuletea maneno. Mi naandikaka kama vile naongea na kuku. Nilisikia haya."

"Na mi niko na haya yangu. Ile jibu haikukuwa yangu, Ruphin. Nilipatia mashini message yako, mashini ikakujibu. Sikukusoma bien."

Gaëlle aliona kwamba neno hilo limemchoma Ruphin kuliko yote aliyosikia sokoni.

"Nilimuambia mutoto," alisema. "Nilimuambia: mama Gaëlle anakutaka."

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, sasa jibu la kweli la Gaëlle ni lipi.

"Sijue," Gaëlle alisema. "Siwezi kukudanganya tena. Sijawahi kulea mutoto. Lete barua Jumapili, uandike weye mwenyewe, Djo asiiguse. Nitajibu mbele ya bantu." Hakumshika mkono. Alirudi mjini akiwa na hofu, na hofu ile walau ilikuwa yake.

Jumapili wazee wa Ruphin walikuja na suti zao, na kwa kina Gaëlle sebule ilijaa mashangazi waliovaa vitenge sare. Kwa desturi, barua inasomwa kwa sauti na mkubwa wa ukoo, na baada ya hapo binti anaulizwa mbele ya wote kama anamjua mwanaume huyo na kama barua ipokelewe. Baba mkubwa Rigobert alivaa miwani. Alitegemea Kifaransa kizito kama cha barua zote za namna hiyo. Alichotoa kwenye bahasha ni karatasi ya daftari ya mistari, imefutwafutwa, na alipoanza kusoma watu wawili walicheka.

Gaëlle aliinamisha kichwa, akasikiliza kama askari wa forodha anayepekua mzigo. Alitafuta sifa tatu zinazofuatana. Alitafuta bahari.

"Mi Ruphin, soudeur ya milango ku Katuba," alisoma baba mkubwa. "Niko na mutoto, Abigaël, myaka ine. Mama yake alikufa. Sikumusema bien mbele, njo kosa yangu. Napenda Gaëlle juu ya vile ananicheka na kisha anauliza kama nimekula. Kama munamukatala mutoto, munikatale na mi. Sitakasirika. Ni ile tu."

Hakuna aliyecheka tena. Baba mkubwa aligeuza karatasi kuona kama kuna zaidi upande wa pili. Hapakuwa na kitu. Mama Albertine alimtazama binti yake kwa macho yale yale ya kushuku ya siku ya mboga.

"Gaëlle," baba mkubwa alisema, "huyu muntu unamujua?"

Angesema ndiyo tu, ingetosha. Alisimama.

"Namujua tangu Jumanne," alisema. "Naogopa, papa. Mupokee. Yeye na Abigaël, bote babili."