Sindano Isiyo na Moto

"Siafu, choma mkaa."

Sauti ilitoka kwenye kidude kilichofichwa sikioni. Maana yake: mtu wako yuko ndani, anza kazi.

Siafu alisukuma mlango kwa kiwiko. Kavaa kinesi, bastola ya Glock imebanwa kiunoni.

Kwenye meza ya skani alilala kifudifudi mwanamume mnene mwenye jina la kuazima. Pafuni mwake mlikuwa na saratani ya sentimita tatu. Tiba yake ilikuwa sindano ndefu: ipenye katikati ya mbavu, ncha ipate moto, uvimbe uungue bila kifua kupasuliwa.

Mgonjwa wa kawaida huuliza kama itauma. Huyu aliuliza namba ya boksi la sindano.

Siafu akajua amempata. Ni Tajiri, mwingizaji wa sindano bandia. Mtambo unaonyesha joto, kumbe ncha imepoa kama maji ya mtungi. Dada yake Siafu alitibiwa kwa mojawapo, akaambiwa amepona. Walimzika miezi minne baadaye.

"Inaishia na nane nane," Siafu akamsomea.

Tajiri akatoka jasho. "Sista, hiyo usinichome! Hiyo haina moto!"

"Umejuaje, mzee?"



Siafu akamgusisha ncha ya sindano ubavuni. "Umezipeleka hospitali gani nyingine? Kuna watu mezani asubuhi hii hii. Sema, au daktari aanze na hii hii."

"Mtaniua!"

"Ndiyo."

Jitu zima likalia. Likazitaja hospitali tano, likataja na ghala.

Dakika sita zikapita.

"Siafu, tiba zote zimesimamishwa. Ghala tunalo," sauti ikasema sikioni.

"Nimekupata."

"Haya, nimesema yote," Tajiri akahema. "Sasa nichomeni ya kweli."

Siafu akamgeukia daktari, aliyesimama ukutani muda wote huo, mikono kaikunja.

"Za kweli hatuna," daktari akasema. "Shehena yetu yote ilitoka kwake."

"Nyingine lini?"

"Miezi mitatu, tukibahatika. Uvimbe huu hausubiri, na kifua chake hakistahimili kupasuliwa."

Tajiri akaanza kumwita mama yake. Siafu aliona raha, tena raha ya wazi, wala hakujionea haya. Akamfunga pingu kwenye chuma cha meza, akavua glavu, akazitupa pipani.

"Nionee huruma, mwanangu!"

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, mzee."

Akatoka taratibu. Tangu alfajiri hakuwa amekunywa hata chai.