Taa za Bangwe Usiku wa Mbalamwezi

— Huyo mwanamke ni nani, Heritier?

Aliruka kama kakanyaga kaa la moto. Alikuwa ameinamia redio kubwa kuliko kabati la vyombo, ndani ya ghala kuukuu la Ujiji ambalo siku zote aliniambia anahifadhia mbao. Mbao sikuona hata moja. Niliona mataa ya kioo yanawaka mekundu, mishale inatetemeka, na ukutani picha ya chombo cha shaba kilichosimama wima kama birika la msikitini.

Na kwenye spika, sauti ya kibinti:

— Nakuja, mpenzi wangu. Washeni taa niwaone.

Harusi yetu Jumamosi. Hiyo ilikuwa Jumatano.

— Vene, ni mama yangu.

Nilicheka mpaka nikakalia kreti la soda.

— Mama yako alizama ziwani ukiwa mtoto. Umenililia begani kwa ajili yake. Leo kafufuka, tena na sauti ya kidato cha nne?

— Siruhusiwi kueleza. Nimeapa.

— Umemwapia nani?

Akageukia mishale ya redio. Nikavua pete, nikaiweka juu ya redio, nikaondoka.

Mimi ni Veneranda wa Bangwe. Mitumbwi yangu ya dagaa nimeipaka njano yote mpaka makasia, anayeiona kwa mbali anajua ni ya nani. Mwanaume hanizungushi.

Simu ikaanza kuingiza meseji.

“Vene pokea.”

“Vene usifute harusi.”

“Basi kesho nakuja ufukweni. Kiapo nitakivunja, liwalo na liwe.”

Akaja kweli. Vijana wangu walikuwa mchangani wanashona nyavu, maana mwezi ulikuwa umejaa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, na sisi hatutoki.

— Tusogee pembeni, Vene.

— Sema hapahapa. Aibu umenipa peke yangu, maelezo nipe mbele za watu.

Akasimama katikati ya nyavu.

— Kuna watu wanajiita Jumuiya ya Kimya. Zamani walijenga chombo, wakakirusha nyuma ya milima huko. Kizunguke mwezi, kirudi kitue ziwani. Rubani alikuwa mama yangu, Merina, mzaliwa wa hapa hapa, na wenzake wawili. Kikapotea. Jumuiya wakaona aibu, wakaja kutuambia boti imezama. Nilipokua nikaigundua redio yao, wakaniapisha.

Kurwa, mkuu wa vijana wangu, akaweka sindano ya nyavu chini.

— Shemeji, wenzako wakitaka kudanganya wanasema walikuwa Kasulu. Wewe umetupeleka mwezini?

Ufukwe mzima ukacheka. Mimi nikauliza swali langu:

— Na ule usichana wa sauti?

— Huko aliko muda unajikokota. Sisi tumekua, yeye kwake ni kama mwaka jana tu. Redio yetu inapokea, haitumi. Yeye hatusikii.

Akatoa simu, akacheza alichorekodi. Ile sauti ikatoka, imechoka:

— Heri wangu, nimepita tena juu. Ziwa giza tupu. Wavuvi wa Bangwe mmekwenda wapi?

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyejua kuigiza lafudhi ile. Ilikuwa ya nyumbani kwetu.

— Alitegemea taa za dagaa zimwonyeshe ziwa ni lipi, Heritier akasema. Alipanga arudi wakati wa giza, mwezi haupo, mitumbwi ikiwa imejaa majini. Akachelewa. Sasa kile chombo kinazunguka sambamba na mwezi, kila kikipita juu yetu ni mbalamwezi, na ninyi mmelala.

— Jumuiya wanalijua hilo?

— Miaka yote. Ila kuwaomba ninyi mtoke ni kukiri kwamba hakuna aliyezama. Leo jioni ndiyo mara yake ya mwisho, Vene. Mafuta yamekwisha. Asipoona taa, harudi tena.

Nilimtazama. Kope zimelowa, lakini kasimama wima. Alikuwa amevunja kiapo cha maisha mbele ya watu wanaonuka dagaa, kwa ajili yetu sisi wawili, mimi na mama yake.

Simu yangu ikaita. Namba ngeni, kikohozi cha mzee.

— Shikamoo.

— Marahaba, binti. Mimi Mzee Nikodemu, mwenyekiti wa Jumuiya. Nasikia mchumba wako anaropoka. Ukitoa mitumbwi leo, tutachekwa mpaka Mwandiga.

— Mzee wangu, mama mkwe anazunguka juu kama nzi kwenye chai, wewe unaogopa Mwandiga?

Nikakata.

— Kurwa, mitumbwi majini. Taa zote.

— Mbalamwezi hii, bosi? Tutaitwa vichaa.

— Tutaitwa Bangwe. Sukuma.

Jua lilipozama tukatoka. Mwezi ukachomoza juu ya vilima, mkubwa, kama unatudhihaki. Wenye mitumbwi wengine walisimama ufukweni wakitupigia mbinja. Kisha mmoja akasema njano haiwezi kuwaka peke yake ziwani, akasukuma wake. Akafuata mwingine. Katika maisha yangu sijaona taa nyingi namna ile juu ya maji. Nilijisikia mrefu kama mnara wa simu.

Heritier alikaa mbele yangu, shingo ameikunja juu.

— Ikiwa hatatuona?

— Atatuona. Mimi nimepaka njano.

Nyota moja ikaanza kukua. Ikageuka moto, ikageuka mwavuli mkubwa mweupe, ikatua katikati ya taa zetu, mitumbwi yote ikacheza. Birika la shaba. Mlango ukagongwa kwa ndani, ukafunguka. Wakatoka watu watatu, na wa mbele binti mwembamba, nywele kasuka mtindo wa picha za zamani.

— Nani katoa taa mbalamwezi?

Nikajibu mimi.

— Veneranda. Nilikuwa niwe mkweo, ila pete iko Ujiji juu ya redio.

— Haiko, Heritier akasema kwa sauti ya kitoto. Akaitoa mfukoni.

Merina akamtazama yule mwanaume mwenye ndevu, muda mrefu, kisha akamshika masikio yote mawili kama mtoto mdogo.

— Heri. Mvishe upesi. Nimetoka mbali.

Akanivisha. Nikapiga goti ndani ya mtumbwi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu.

Namzidi umri. Alilijua, nikaona anabana kicheko.

Mzee Nikodemu tulimkuta ufukweni, kofia mkononi, anapita kwa familia za wale watatu moja baada ya nyingine na kuwaambia kwa mdomo wake kwamba hakuna aliyezama.

Jumamosi mshereheshaji akaita: mama mzazi wa bwana harusi asimame. Akasimama kibinti cha watu, kitenge kimemkaa. Shangazi mmoja wa Mwandiga akamnong'oneza Kurwa:

— Huyo si mpambe wa bibi harusi?

Kurwa akavuta koti, akajibu ukumbi mzima usikie:

— Huyo ni mama mkwe wa bosi wangu. Alipotea huko juu. Sisi ndio tuliomwashia taa.