Mpunga Uliopakwa Manjano

Liwayway hakuwa na baiskeli. Hakuwa na simu, wala kaka mkubwa wa kumtetea, wala jino moja la mbele lililong'oka alipokuwa akitafuna muwa. Lakini kilichompungukia kuliko vyote ni subira.

Jumamosi asubuhi mjomba wake, Berting, alianika mpunga kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, kama wafanyavyo wanakijiji wote baada ya mavuno. Mpunga huu haukuwa wa kawaida. Wataalamu wa kituo cha utafiti waliutia jeni ya mahindi ili punje zake ziwape watoto vitamini A, inayolinda macho. Mfuko mmoja ungepelekwa kupimwa Jumatatu. Vitamini ikionekana, kijiji kizima kingepewa mbegu.

"Usibanduke hapa," alisema Mjomba. "Bata wa bibi yako hawana adabu."

"Nitalinda kama askari, Mjomba!"

Askari huyo alidumu mpaka karaoke ilipoanza kwa jirani. Alikwenda kuimba wimbo mmoja tu, akaimba mitatu. Aliporudi, bata walikuwa wameshiba hata kutembea hawawezi, na mpunga uliobaki haukujaza kofia.

Liwayway akakimbilia ghalani, akachota mpunga wa kawaida. Alikumbuka kwamba mchele wa kituo ni wa njano. Basi akatwanga manjano, akaukoroga mpunga nayo kwenye beseni, akauanika, kisha akaujaza mfukoni.

"Wee, mikono imekuwaje?" rafiki yake Tessie alimcheka.

"Nilikuwa napika."

"Ulipika au ulipikwa?"

Jumapili, baada ya misa, Mjomba alifungua mfuko, akapiga mluzi. "Mama! Njoo uone mpunga wa Berting unavyong'aa!"

Bibi Pacing akachukua punje chache, akazisugua viganjani, akapuliza makapi. Zikabaki punje nyeupe pepepe.

"Mwanangu, mpunga wako umevaa koti la harusi, lakini ndani hamna kitu. Ule wa kituo ganda lake ni la kahawia kama mwingine wote. Unjano umo ndani." Akaitazama mikono ya mjukuu wake. "Na fundi cherehani ndiye huyu."

Mjomba alikaa chini. "Ningeupeleka huu, wangeandika kwamba mbegu haifai! Watoto wa hapa wangeikosa!"

Liwayway akaangua kilio. "Nilikwenda kuimba, Mjomba. Bata wakaula wote. Niliogopa kusema."

"Bata wangu?" Bibi aliuliza. "Ndiyo maana jana walisusa chakula! Kesho wataona mpaka Manila."

Mjomba akacheka bila kupenda. "Kando ya mfereji kuna kipande cha mpunga wa kituo ambacho hakijaiva. Kitatosha mfuko mwingine. Lakini Daktari Remedios wa kituoni itabidi angoje, na wa kumwambia sababu ni wewe."

Liwayway aliandika barua, akafuta, akaandika tena, mpaka yakaingia yote: karaoke, bata na manjano.

"Bata wamekula mfuko mmoja tu, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Uongo wako ulitaka kula kijiji kizima. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

Gundi haikuwapo. Bibi akabonyeza punje za wali wa mchana kwenye ukingo wa bahasha, Liwayway akaigandamiza sana. Kisha akakimbia nayo barabarani, akamkabidhi dereva wa bajaji aliyekuwa akielekea kituoni, kabla moyo haujageuka.