Mabati ya Filipo

— Rogathe, nyumba yangu ya bati iko wapi?

Filipo alikuwa amesimama kwenye kiwanja kitupu, sanduku begani, suti ya mtumba imemkaba kwapani. Miaka yote ya kukata mkonge bondeni alimtumia Rogathe, mchumba wake, pesa kupitia posta ya Same, anunue mabati kabla hayajapanda bei tena. Wenzake alishawatambia kwamba nyumba yake ya milimani inang'aa hadi marubani wanafumba macho.

Sasa hapakuwa na bati hata la kufunikia kuku. Palikuwa na rundo la mawe, na Asheri, kijana wa jirani, kifua wazi, anatua jiwe jingine kama yuko kwake.

— Na huyu?

— Ananijengea, alisema Rogathe, akiendelea kukung'uta udongo kwenye tangawizi.

Filipo akamporomoshea Asheri maneno yasiyosemwa karibu na kanisa, na kanisa lilikuwa jirani. Asheri akamsikiliza mpaka mwisho, akafuta jasho, akaenda kuleta jiwe jingine. Nyuma yake wakatokea akina mama na mawe, kisha kijiji kizima.

— Pesa zako ziko kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, Rogathe akasema. Lilibomoka, mashamba yakakauka. Ningeezeka bati juu ya njaa? Nikanunua saruji. Leo tangawizi inajaza malori, wachuuzi wanaipandia mlima wenyewe.

— Uliniuliza?

— Ulituma pesa, Filipo. Masikio hukutuma.

Mzee Sifael, msimamizi wa ndiva, akatua jiwe lake.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Leo ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, baragumu limelia tangu asubuhi. Tumesema aliyetujengea ndiva naye ajengewe.

Filipo akalainika, akaanza kushukuru.

— Ngoja kwanza. Asiyefika msaragambo kwa wakati hutozwa faini. Umechelewa.

— Nyumba si yangu, mzee?

— Ndiyo maana faini yako ni jiwe lile.

Lilikuwa kubwa kama ndama. Filipo akamtazama Rogathe.

— Ukinitaka, beba, alisema Rogathe. Usiponitaka, mgongo wa Asheri nimeshauona.

Filipo akabeba. Suti ikapasuka kwapani kwa mlio ambao watu wa Maore, kule chini, wanaapa waliusikia.

Walifunga ndoa kuta zikiwa zimefika madirishani. Mabati yaliletwa na tangawizi ya msimu uliofuata. Hadi leo ukimuuliza Filipo nani alijenga nyumba ile, anajibu, "Mimi." Rogathe humwachia. Kwa jiwe moja, ni kweli.