Ukuta wa Nyuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jovita alichota maji, akafagia uwanja, kisha akabeba matofali. Mama yake, Benadetha, aliyafyatua kibanjani, kwenye migomba, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na udongo mzuri. Lakini chini ya migomba jua halifiki. Ilibidi Jovita ayapandishe mlimani, kwenye rweya, kule kwenye nyasi tupu zisizo na mti, ili yakauke.

Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Serikali ilikuwa ikitoa msaada wa mabati kijijini kwao, huko Muleba, kwa sharti moja tu: kila mtu asimamishe kuta zake kwanza. Benadetha alikuwa mjane. Nyumba yao ya nyasi ilivuja kila upande, na Lameki, mdogo wake Jovita, alikohoa mpaka akashika mbavu. Mganga wa zahanati alikwisha kuonya kwamba mtoto huyo asilale tena kwenye unyevu.

Jovita alimpenda mdogo wake, hilo halina ubishi. Ila kilima kilikuwa kikali, na uvivu nao haupigi hodi! Matofali mengine aliyaacha chini ya migomba, akayafunika kwa majani makavu. Siku ya kujenga aliyachanganya na yaliyokauka. Yakaingia ukuta wa nyuma, ukakandikwa udongo, ukapendeza kweli.

Kisha mvua zikaanza. Alhamisi alifika Ndugu Aroni, Bwana Maendeleo, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ndyamukama. Walikaribishwa kahawa ya kutafuna, wakatazama kuta za mbele.

"Hongera, mama," alisema Ndugu Aroni. "Lori la mabati linakuja kesho. Nyumba hii itaezekwa."

Benadetha akapiga vigelegele. Jovita alikuwa nyuma ya nyumba, na kidole chake kilikuwa kimezama ukutani kama kwenye ndizi iliyoiva. Akisema, mabati yatakwenda kwa wengine. Akinyamaza, paa litakaa juu ya ukuta huu, na Lameki atalala chini yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo alitoka, akasimama mbele yao.

"Mama, ukuta wa nyuma ni mbichi. Matofali mengine sikuyapeleka rweya."

Ndugu Aroni aliusukuma ukuta kwa goti. Kipande kizima kikaporomoka.

"Mama wee! Umetumaliza, Jovita! Umetumaliza!" Benadetha alilia, akaketi pale pale kwenye tope.

"Ukuta ukisimama imara kabla lori halijaondoka kesho jioni, mabati ni yenu," alisema Ndugu Aroni taratibu. "Vinginevyo siwezi. Nitakuwa ninaezeka kaburi."

Mzee Ndyamukama aliwaita majirani, lakini walinung'unika.

"Sisi tulibeba ya kwetu! Yeye alikuwa nani?" alifoka jirani yao, Georgina.

Jovita alimpigia magoti. "Shangazi, nikopeshe matofali yako makavu yaliyobaki rweya. Likizo nitafyatua mengine, na nitayapandisha mwenyewe."

Ndani ya nyumba ya nyasi, Lameki alikohoa, akakohoa tena, akakosa pumzi. Georgina akafunga kanga yake kiunoni.

"Inuka, mtoto wewe! Twende rweya kabla mvua haijarudi."

Basi majirani wengine nao wakafuata, wakabeba jioni ile na kesho yake kutwa. Jovita alipanda na kushuka mpaka nyayo zikachubuka, na hakuna aliyemwambia pole. Wanaume walikuwa wakimalizia mstari wa mwisho lori lilipopiga honi. Ndugu Aroni aliusukuma ukuta kwa goti, kisha kwa bega. Haukutikisika.

"Shusheni mabati!" aliita.

Watu walipotawanyika, Jovita alimwomba mama yake msamaha.

"Jana nilikuchukia, mwanangu, sikufichi," alisema Benadetha. "Kazi uliyoikwepa kidogo kidogo ingetuua sote siku moja. Usirudie. Lakini ulisema kweli wakati kusema kulikuwa kugumu, na hilo usiliache kamwe. Mabati tungeyakosa, tungengoja mengine. Lameki mwingine ningempata wapi?"