Mkia wa Tiara

Kila akitoka shule, Kijiti, binti aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, alipitia kwanza kwenye mashine ya kuangulia vifaranga. Humo mlikuwa na mayai mia moja ya mama yake, yamebakiza siku chache tu. Lakini Jumatatu alasiri umeme ulikatika, na Jumanne vivyo hivyo. Mama aliyafunika mayai kwa blanketi, akiomba yasipoe.

Mafundi wa umeme walichanganyikiwa. Asubuhi waliigawa laini ya umeme katikati, wakapima nusu hii, kisha nusu ile, wakaambulia patupu. Walifyeka matawi, wakawasha. Ilipofika saa tisa alasiri, umeme ukakatika tena.

Kijiti alichanganyikiwa kuliko wao. Jumamosi iliyotangulia, tiara yake ilinasa kwenye nyaya za laini hiyo, mahali alipokatazwa kuchezea. Karatasi ilianguka, ila mkia wake, kipande cha waya wa breki ya baiskeli, ulibaki juu. Mbona basi umeme haukukatika siku ile? Labda hakuwa na kosa. Labda alikuwa nalo. Roho ilimsuta.

Jumatano alimkuta fundi mkuu ameketi kando ya nguzo, anakuna kichwa.

"Fundi, kuna waya wangu huko juu. Ila sijui kama ndio unaokata umeme."

Akamweleza habari ya tiara na mkia wake. Fundi aliuliza upepo wa Jumamosi hiyo ulikuwaje. Kijiti akajibu kwamba ulikuwa mdogo, hata tiara ilipaa kwa kukimbizwa. Upepo mkali ulianza Jumatatu, tena alasiri tu.

Hapo fundi aliinuka. Kumbe mkia ule ulijilaza juu ya waya mmoja wa laini, rangi moja nao, hata hauonekani. Upepo ukiutikisa, uligusa waya wa pili, umeme ukajizima. Nao mafundi walikuwa wakipima asubuhi, upepo umelala. Walizima laini, wakauondoa.

Jumamosi iliyofuata, vifaranga sitini na wanane walitoka. Mayai thelathini na mawili yalikuwa yameharibika. Mama, aliyekwisha kusikia habari ya tiara, hakugomba, alimpa Kijiti jembe ayafukie mwenyewe, naye aliyafukia akilia.

Fundi, aliyepita kuwajulia hali, alimkuta hapo.

"Nilikuwa sina hakika," Kijiti alisema.

"Kupata hakika ni kazi yetu, mwanangu," fundi akajibu. "Tulihangaika na nguzo tisini kwa sababu ulingoja uhakika. Sema ukijuacho mapema, hata kama kinakuaibisha. Kupima tutapima sisi."